Choo cha Paka Ndani ya Nyumba: Namna ya Kukiandaa na Kuzuia Harufu katika Nyanda za Juu Kusini

Lalamiko la kwanza linalotolewa dhidi ya paka anayefugwa ndani ni harufu, na dawa ya kwanza inayopendekezwa na majirani ni jivu. Lalamiko hilo ni la haki. Dawa hiyo ndiyo yenye kasoro, kama itakavyoelezwa hapa chini. Katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe, paka huachwa ajitafutie mahali pake mwenyewe: bustani ya mchicha, lundo la mchanga wa ujenzi, au jivu la mekoni usiku watu wakiwa wamelala. Utaratibu huo uliweza kuvumilika viwanja vilipokuwa vikubwa na ardhi ikiwa wazi. Kwa mpangaji wa chumba na sebule, au kwa familia ambayo ua wake umezungushiwa ukuta na kusakafiwa wote, paka hana pa kufukua, na asipopewa choo chake atachagua pembe ya nyuma ya kochi.

Kuandaa choo hicho si kazi ya gharama, na katika mikoa yetu vitu vinavyohitajika vinapatikana kwa urahisi kuliko pengi. Kinachohitajika zaidi ni kuelewa harufu inatoka wapi, kwa kuwa asiyejua chanzo chake hununua manukato mwezi baada ya mwezi na nyumba ikaendelea kunuka.

Kinachonuka ni nini

Mkojo wa paka ukiwa mbichi haunuki sana. Ndani yake mna urea, kitu kilekile ambacho mkulima wa mahindi wa Mbozi au Songea hukinunua katika mifuko ya kilo 50 kwa ajili ya kukuzia mazao. Bakteria walioko kila mahali huivunja urea hiyo ikawa amonia, ambayo ni gesi kali inayochoma pua na macho. Mkulima huelekezwa aifukie mbolea ya urea badala ya kuiacha juu ya udongo wenye unyevu, kwa sababu ikiachwa wazi sehemu ya nguvu yake hupotea hewani ikiwa amonia. Jambo hilohilo ndilo linalotokea katika beseni lililoachwa siku tatu bila kuguswa. Paka ana urea nyingi zaidi katika kila tone kuliko mtu, kwa sababu asili yake ni paka-mwitu wa Afrika aliyezoea nchi kame, na figo zake hubana maji kwa nguvu. Dume asiyehasiwa ana la ziada: mkojo wake una felinini nyingi, kiini chenye salfa ambacho kikivunjika hutoa ule uvundo mzito unaomtambulisha dume hata kabla hajaonekana.

Kinyesi nacho hunuka, lakini harufu yake ni ya muda mfupi. Hupungua sana kikishafukiwa na kukauka. Adui wa kweli ni mkojo uliokaa. Amonia huhitaji muda ili itengenezwe na huhitaji unyevu ili bakteria wafanye kazi. Aidha, hutoroka kuingia hewani kwa wingi pale penye asili ya alkali, yaani ile hali ya magadi, ilhali penye tindikali hufungwa isitoke. Hapo ndipo kasoro ya jivu ilipo. Jivu la kuni ni alkali kali. Katika choo cha shimo linasaidia kwa kufunika na kukausha, na linawakera nzi. Lakini likilowa mkojo ndani ya trei, ndani ya chumba, linaisukuma amonia itoke haraka zaidi. Chokaa hufanya hivyohivyo. Jivu lililolowa huwasha pia nyayo za paka, na paka akizilamba humwasha mdomo. Atakayekumbuka mambo hayo, yaani muda, unyevu na alkali, ataweza kupima mwenyewe kila ushauri anaopewa, ukiwemo huu.

Chombo chenyewe

Kosa la kawaida ni udogo. Paka mkubwa anahitaji chombo chenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, kuanzia puani hadi shina la mkia, ili aweze kuingia, kugeuka, kufukua na kufukia bila kukanyaga alichokwisha kukifanya. Kwa paka wengi hiyo ni takriban sentimita 60 hadi 70. Dumu la lita 20 lililopasuliwa kwa urefu, ambalo watu wengi huanza nalo, linamfaa mtoto wa paka kwa miezi michache tu. Baadaye atasimama ndani yake huku makalio yakiwa nje, na mkojo utaishia sakafuni. Beseni kubwa la kufulia au sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, lile pana lenye mfuniko wa kubana, linafaa zaidi. Mfuniko wake uweke kando, au uutandike chini ya sanduku ili udake kinachomwagika.

Upande mmoja wa sanduku ukatwe kuwa mlango wenye kizingiti cha sentimita 10 hadi 12, na pande nyingine tatu zibaki na kimo cha kutosha, hasa kama paka hukojoa akiwa ameinua makalio. Kingo zilizokatwa zisuguliwe kwa msasa, au zipitishwe haraka kwenye moto ili zisimkate. Karai la bati silipendekezi: mkojo hulila, na likishapata kutu harufu haitoki tena. Hata plastiki ina mwisho wake, kwa kuwa makucha huichora mikwaruzo ambamo mkojo hujificha. Chombo kinachonuka hata baada ya kuoshwa na kuanikwa kinatakiwa kubadilishwa, na kwa kawaida jambo hilo hutokea baada ya mwaka mmoja hivi.

Yapo masanduku yenye paa na kijilango, ambayo mtu huyapenda kwa sababu yanaficha mambo. Harufu hufungiwa ndani, lakini aliyefungiwa pamoja nayo ni paka, ambaye pua yake ni kali kuliko yetu mara nyingi. Baadhi huvumilia, wengine huamua kwenda kwingine, na lawama huwa ni yao.

Kuhusu idadi, kanuni inayofuatwa na madaktari wa wanyama ni chombo kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Kwa nyumba yenye vyumba vinne hiyo ni kanuni nzuri. Kwa chumba na sebule, naona afadhali vyombo viwili vya paka wawili vinavyosafishwa asubuhi na jioni kuliko vitatu vinavyokumbukwa mara moja kwa wiki.

Mahali pa kukiweka

Paka hali anapojisaidia, kwa hiyo sahani yake na choo chake vitengane, ikiwezekana kwa chumba. Vivyo hivyo chombo hakitakiwi jikoni wala kwenye stoo ya vyakula, kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa. Pembe tulivu ya korido, bafu ambalo mlango wake hubaki wazi, au nafasi iliyo chini ya ngazi hufaa. Bafu lina faida ya sakafu inayooshwa kwa urahisi, lakini lina hasara ya unyevu. Katika bafu ambalo watu watano huoga kila asubuhi, kilichomo chomboni hakitakauka kamwe, kwa hiyo chombo kiwekwe juu ya tofali mbili mahali ambapo maji hayarukii.

Veranda inavutia kwa sababu ya hewa, lakini kabla ya kuamua uangalie mbwa wa jirani. Paka akivamiwa mara moja tu akiwa chooni, hatarudi pale. Kwa sababu hiyohiyo chombo kisiwekwe mahali penye njia moja ya kutokea, ambapo mtoto au mbwa akisimama mlangoni paka anakuwa amenaswa.

Hewa ipite, lakini upepo usivume moja kwa moja juu ya chombo ukarusha vumbi. Dirisha lenye wavu au matundu ya hewa yaliyo karibu na dari vinatosha, mradi matundu hayo hayajazibwa kwa matambara kipindi cha baridi, jambo ambalo huku kwetu hufanyika sana.

Cha kuweka ndani

Hapa ndipo wakazi wa nyanda za juu wana bahati. Shamba la miti la Sao Hill lililoko Mufindi ndilo shamba kubwa la miti la serikali nchini, na kuanzia Mafinga hadi Njombe mashine za kupasulia magogo huacha milima ya unga wa mbao, ambao mara nyingi hutolewa kwa bei ndogo au bure kwa mtu aliyekuja na kiroba chake. Unga wa paina unafyonza vizuri, una asili ya tindikali kidogo, na hivyo unaizuia amonia kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ni mwepesi kubeba, na harufu yake ya utomvu wengi huiona ni nzuri. Kwa maoni yangu, mtu anayeishi kati ya Iringa na Tukuyu hana sababu ya kutafuta kitu kingine kabla hajaujaribu huu.

Ni lazima, hata hivyo, uchaguliwe. Kwanza, usichukue unga katika karakana inayotumia mbao zilizopigwa dawa, wala kwenye viwanda vinavyoandaa nguzo za umeme. Nguzo za milingoti huhifadhiwa kwa dawa kama kreosoti au mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki, na paka anayelamba nyayo zake atazimeza sumu hizo kidogo kidogo. Uliza kabla ya kujaza kiroba. Fundi anajua mbao zake. Pili, usichukue unga wa mbao ngumu zilizokatwa pamoja na ubao wa vipande vilivyogundishwa, kwa sababu ya gundi. Tatu, unga uliotoka kwenye gogo bichi una maji mengi, kwa hiyo uanikwe juani kwenye turubai kwa siku mbili au tatu, ukigeuzwageuzwa, mpaka ukiufinyanga kiganjani unafumuka wenyewe. Baada ya hapo uchekeche kwa chekeche la unga lililochakaa ili vumbi jembamba lianguke. Vumbi hilo humfanya paka apige chafya, na humkera vilevile mtu mwenye pumu.

Yale maranda marefu yaliyojikunja, yanayotoka kwenye randa ya fundi seremala na ambayo wafugaji huwatandikia kuku, hayafai peke yake. Mkojo hupita katikati yake ukatuama chini, na paka hapendi kuyafukua. Changanya sehemu moja ya maranda na sehemu mbili za unga, nayo yatasaidia kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi bila kushindiliana.

Mchanga wa mto ndio paka anaoupenda kuliko vyote, kama anavyojua kila aliyewahi kuacha lundo lake nje wakati wa ujenzi. Tatizo ni kwamba mchanga haufyonzi. Mkojo huzama hadi chini na kukaa hapo. Utumie kama kishawishi: sentimita moja ya mchanga mkavu juu ya unga wa mbao humsaidia paka aliyezoea nje kuelewa kwamba hapa ni mahali pa kufukua. Akishaelewa, upunguze kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili. Mabadiliko ya ghafla ya kitu kilichomo ndani ya chombo ni sababu mojawapo kubwa ya paka kukisusa.

Maganda ya mpunga kutoka Kyela au Mbarali ni mengi na hayana gharama, lakini ganda la mpunga ni gumu na linafyonza maji kidogo sana, na ncha zake huchoma nyayo. Yafaa kuongezea ujazo tu. Magunzi ya mahindi yaliyoparazwa mashineni ni bora zaidi, kwa kuwa kiini cha gunzi hunywa maji vizuri. Yawe makavu kabisa na yasiwe na ukungu, kwa sababu mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, na paka si wa kuchezewa kwa sumu hiyo. Magazeti yaliyochanwa yanafaa kwa siku chache tu, kwa mfano paka akiwa na kidonda mguuni ambacho hakitakiwi kuingia vumbi.

Viko vitu vya mikoa yetu ambavyo visitumike hata kidogo. Maganda ya kakao ya Kyela yana theobromini, na makapi ya kahawa ya Mbozi au Mbinga yana kafeini; vyote viwili ni sumu kwa paka. Unga wa pareto, ambao baadhi ya watu hushawishika kuunyunyizia chomboni ili kuua viroboto, usiwekwe, na zaidi sana zile dawa za dukani zilizotengenezwa kwa kuiga pareto zenye permethrini, ambazo mbwa huzivumilia lakini paka huweza kufa kwazo.

Udongo wa dukani, ule wa mfinyanzi unaogandamana ukilowa, huuzwa katika maduka makubwa ya mijini kwa bei ambayo kila mtu ataipima na mfuko wake. Historia yake inahusiana na tuliyoyasema: mwaka 1947, katika jimbo la Michigan huko Marekani, jirani wa Edward Lowe alikuwa akimwekea paka wake jivu kwa sababu mchanga wake ulikuwa umeganda kwa baridi, na nyumba ikajaa nyayo nyeusi; Lowe akampa chembe za udongo mkavu wa kufyonza mafuta, na biashara nzima ikaanzia hapo. Udongo huo unafanya kazi vizuri. Mtoto wa paka aliye chini ya miezi mitatu hivi asiwekewe ule unaogandamana, kwa sababu watoto wa paka hupenda kuonja, na udongo huo huvimba tumboni mwao.

Chochote utakachokichagua, kiwe na kina cha sentimita 5 hadi 7. Chini ya hapo paka hawezi kufukia. Zaidi ya hapo ni upotevu.

Kazi ya kila siku

Kazi yenyewe ni ya dakika tano, lakini haiahirishwi. Asubuhi na jioni ondoa kinyesi pamoja na sehemu zote zilizolowa. Unga wa mbao haugandamani ukawa bonge gumu, kwa hiyo itakubidi uufuate mkojo kwa macho: penye rangi iliyokolea, chota hadi chini kabisa, kisha sawazisha na uongeze unga mkavu kiasi cha ulioutoa. Kijiko kikubwa chenye matundu, kile cha kuopolea maandazi katika mafuta, kinafaa kwa kinyesi, na kopo la plastiki lililokatwa mshazari linafaa kwa unga uliolowa. Bila shaka vyombo hivyo vikishaingia huko havirudi jikoni. Vitobolewe na kutundikwa karibu na choo, mtu asije akavikosea.

Kila baada ya siku tatu hadi tano mwaga vyote na uoshe chombo. Maji ya moto na sabuni ya unga ya kawaida vinatosha, kisha suuza kwa maji yaliyotiwa siki, kikombe kimoja kwa lita tatu hivi, ili kuondoa mabaki ya amonia, na uanike juani mpaka kikauke kabisa kabla ya kujaza upya. Ukiwa na vyombo viwili vya kupokezana, mvua haitakupa shida.

Katika usafi huo kuna hatari mbili ambazo watu wengi hawazijui. Jiki isimwagwe kamwe kwenye chombo chenye mkojo, kwa sababu klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu ambayo, katika bafu dogo, inaweza kumdhuru vibaya anayesafisha. Pia zile dawa za kuua vijidudu ambazo zikitiwa kwenye maji hugeuka nyeupe kama maziwa, zina viini vya jamii ya fenoli ambavyo ini la paka haliwezi kuvichuja. Paka hupita juu yake, akalamba nyayo, akaugua pasipo mtu kujua kwa nini. Ziache kwa matumizi mengine, mbali naye.

Vaa glavu au funga mkono kwa mfuko, na nawa kwa sabuni baadaye. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito si lazima amfukuze paka. Ampe mtu mwingine kazi hii. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu na asafishe kila siku bila kuruka, kwa kuwa vijidudu hivyo vikitoka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, na kinyesi kilichoondolewa mapema huondoka navyo vikiwa havina nguvu. Akumbuke pia kwamba nyama isiyoiva vizuri ni njia ya maambukizi isiyopaswa kudharauliwa.

Taka zenyewe usizimwage katika choo cha kuvuta maji; unga wa mbao huvimba na kuziba bomba, na mwenye nyumba hatakosa la kusema. Choo cha shimo kinazipokea bila tatizo. Vinginevyo zifukiwe katika shimo la nusu mita, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Usizifanye mbolea ya mchicha, wala usiziweke kwenye shina la mparachichi ambao watoto huokota matunda yake chini, kwa sababu mayai ya minyoo na vijidudu tulivyovitaja huishi udongoni kwa miezi mingi. Kwa wanaotegemea gari la taka la halmashauri, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kiroba kitupu cha sembe au mfuko wa khaki wenye tabaka mbili za gazeti ndani hubeba vizuri, mradi taka ziwe kavu.

Watu huuliza kuhusu viongezeo. Bekingi soda kijiko kimoja chini ya unga hupunguza harufu ya uchachu ya kinyesi, lakini kwa amonia haisaidii, na magadi yasitumike badala yake. Vipande vya mkaa katika bakuli lililo pembeni hufyonza harufu kidogo, kidogo sana. Ukiuponda na kuuchanganya ndani, utafuta nyayo nyeusi kitandani. Ubani na manukato ya kupulizia humdanganya mgeni kwa robo saa, na humfukuza paka.

Kipupwe na mvua

Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na huko Makete na Njombe huanguka hata sakitu. Madirisha hufungwa saa kumi na moja jioni, na harufu ambayo mchana haikuonekana hujaa chumbani. Katika miezi hiyo usafi wa jioni ufanyike kabla ya kufunga madirisha, na saa za mchana, jua likiwa limechomoza vizuri, nyumba ifunguliwe walau nusu saa. Chombo kisikae karibu na jiko la mkaa lililoingizwa ndani, kwa kuwa joto huharakisha kazi ya bakteria. Na kwa kuwa tumelitaja, jiko hilo lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa watu wakiwa wamelala. Moshi usioonekana huua watu na paka pamoja.

Mvua ina shida ya aina nyingine. Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi, na unga wa mbao ulioachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa hata kabla paka hajaugusa. Kusanya wa kutosha mwezi Septemba na Oktoba, uukaushe, uuweke katika viroba vilivyofungwa midomo na kuinuliwa juu ya mbao visigusane na sakafu. Wenye jiko la kuni wanaweza kuviweka kwenye kichanja cha mekoni, mbali na cheche. Wakati huo wa masika badilisha chombo chote kila baada ya siku mbili au tatu, bila kungoja pua ikuambie.

Harufu isiyotoka chomboni

Ikiwa chombo ni kisafi na nyumba bado inanuka, tafuta kwingine. Dume akikojoa akiwa amesimama, mkia juu, kwenye ukuta au mlango, hajashindwa kutumia choo. Anaweka alama ya mipaka yake. Tiba yake ni kuhasiwa, ambako kunaweza kufanywa tangu umri wa miezi minne hadi sita, na kunapunguza alama hizo pamoja na ule uvundo wa felinini. Daktari wa mifugo ndiye wa kufanya kazi hiyo, si fundi wa kuhasi mbuzi.

Sakafu ya saruji isiyo na vigae wala rangi hunywa mkojo kama udongo. Kausha kwanza kwa tambara bila kusugua, mwagia maji baridi yenye sabuni ya unga, ikiwezekana ile yenye vimeng'enya, uiache robo saa, kisha ukaushe na umalizie kwa siki iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji. Rudia kesho yake. Saruji iliyokwisha kunywa kwa miezi itabidi ipakwe rangi ya sakafu baada ya kukauka. Sakafu ya udongo ni rahisi zaidi: bandua tabaka lililolowa, uweke udongo mpya, ukandike. Zulia na godoro usivipige pasi wala maji ya moto, kwa sababu joto huigandisha harufu ndani ya nyuzi.

Chakula nacho kina sehemu yake. Paka mkubwa anayepewa maziwa mengi, na katika mikoa ya ng'ombe wa maziwa hilo ni jambo la kila siku, mara nyingi huharisha, kwa kuwa tumbo lake limepoteza uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa. Mpe maji safi, dagaa au nyama, na kinyesi kitakuwa kigumu kisichonuka sana. Kuharisha kunakoendelea baada ya kuacha maziwa huenda ni minyoo, na dawa yake itolewe kwa kipimo cha uzito wa paka huyo.

Mwisho, paka aliyekuwa akitumia choo chake vizuri na ghafla akaanza kukojoa pembeni asichapwe kabla hajachunguzwa. Maumivu ya kibofu humfanya akihusishe chombo na uchungu, naye akakikimbia. Hatari kubwa ni ya dume anayeingia na kutoka chomboni, anajikamua, analia, na hakuna mkojo unaotoka au yanatoka matone machache yenye damu: njia yake ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili, na umweleze ni lini mara ya mwisho ulipokuta unga uliolowa chomboni. Anayesafisha asubuhi na jioni atakuwa na jibu.